Pikipiki ya Baba Haiuzwi

Tumati, Jumapili, 2 Machi

Ninaanza na dai, ili yeyote atakayesoma kurasa hizi ajue mapema ninasimama wapi: pikipiki ya zamani inayotunzwa ni bora kuliko pikipiki mpya inayonunuliwa kwa sababu ya macho ya watu, na kwa hiyo pikipiki ya marehemu baba haiuzwi. Nitalitetea dai hili masika yote kwa hoja na si kwa hasira. Hasira ikija, nitaitangaza.

Aliyenichokoza ni mama. Leo tulipotoka misa alisimama mbele ya pikipiki na kuitazama kama anavyotazama kuku mgonjwa.

"Tito, hii mashine imechoka. Mpelekee Abdulrahim. Mwongezee na yule mtamba wa Endasak, akupe mpya."

"Mama, kitu hakichoki. Anachoka mtu."

"Basi mimi nimechoka kuisikia ikikohoa."

Mtamba wa Endasak ni wetu, ingawa hajawahi kulala zizini kwetu. Baba alimweka mama wa mtamba huyo kwa mzee Gidahosh, chini ya Mlima Hanang, nilipokuwa shule ya msingi. Ndivyo watu wa huku wanavyofanya: huwalazi ng'ombe wako wote katika zizi moja, ugonjwa ukiingia usikumalize. Anayetunza hunywa maziwa na kupata samadi. Ng'ombe hubaki katika jina la aliyemweka. Kumchukua mtamba ni haki yetu, lakini kubadilisha kiumbe atakayezaa kwa chuma kitakachochakaa ni hesabu ambayo shahada yangu ya historia inaikataa.

Baba alikuwa katekista. Kwa pikipiki hii alizunguka vigango vyote vya huku, mvua na jua. Hilo nalo ni hoja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Dongobesh kumpa Abdulrahim msimamo wangu ana kwa ana. Tulisoma naye sekondari. Sasa anauza pikipiki na vipuri katika duka la mama yake, Bi. Hajira. Yeye amefunga Ramadhani, mimi nimefunga Kwaresima, tukabishana matumbo matupu.

"Karibu msomi. Umeileta tuizike?"

"Nimekuja kukuarifu kwamba haiuzwi."

"Umetoka Tumati mpaka hapa kuniambia huuzi kitu? Si ungetuma meseji?"

"Hoja haitumwi kwa meseji."

"Ndugu yangu, mimi nauza pikipiki, hoja sina." Akabonyeza kitufe, pikipiki mpya ikanguruma bila kelele nyingi. "Hii inawaka kwa kidole. Ya kwako je?"

"Kwa mguu. Na betri ikifa, hiyo yako utaiwasha kwa nini?"

"Kwa mguu vilevile. Kiki hii hapa, macho yako yameiruka."

Kweli ilikuwepo. Nililazimika kubadilisha hoja. Nikaeleza jinsi mtu anavyofundishwa kukionea aibu kile alicho nacho ili amtajirishe muuzaji. Nikaeleza kwa kirefu. Wateja wawili wakasimama kusikiliza, na mmoja akauliza kama mimi ni mgombea.

Bi. Hajira akasema kutoka ndani, "Abdulrahim, muache mtoto wa katekista. Umefunga."

Nilirudi nikiwa nimeshinda, kwa maoni yangu. Lakini sikutulia. Nimepanga upya majibu yangu njia nzima.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Breki ya nyuma inalia. Nimekaza nati, imenyamaza.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungua tovuti ya ajira. Hakuna jipya. Nimepalilia maharage mpaka mvua iliponifukuza, nikafungua tovuti tena, kana kwamba mvua ingebadilisha kitu. Mama anasema natembea nyumbani kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimempeleka Marieta kliniki. Dada yangu ana mimba ya kwanza, na anategemea kujifungua mwishoni mwa Aprili. Mumewe, Emanuel, yuko machimboni Mererani, kwa hiyo Marieta amerudi kwa mama. Njia ya kliniki hupanda kilima cha shule, kisha hushuka upande wa pili kwa mteremko mrefu wa udongo mwekundu. Kupanda, pikipiki ya baba ni mbuzi wa mlimani. Bodaboda zote mpya mvua ikinyesha huteleza pale. Nilimwonyesha Marieta jambo hilo kama ushahidi.

Tulipoanza kushuka akaniuliza, "Kaka, mbona unaburuza miguu chini?"

"Najiongezea uthabiti."

"Na breki?"

"Injini yenyewe ni breki. Ukiweka gia ya kwanza, mgandamizo wa silinda unazuia mwendo."

"Hayo ya silinda umeyajibu vizuri. Nimeuliza breki."

Wanawake wa familia hii wana tabia ya kurudia swali kana kwamba halijajibiwa.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Abdulrahim alinialika Dongobesh, nami nikaenda, kwa sababu mjadala si ugomvi. Pilau ya Bi. Hajira haina mpinzani. Baadaye Abdulrahim alifungua duka kidogo ili mtu apate taa ya mbele, nikaona breki za aina ya pikipiki yangu zikining'inia nyuma ya kaunta. Akaona nazitazama.

"Nikupe?"

"Za kwangu zipo."

"Sijasema hazipo."

Ninaandika sababu yangu wazi. Nikinunua breki kwake katikati ya mjadala, nitakuwa nimempa nusu ya hoja yake; kesho ataeleza Dongobesh nzima kwamba mashine ya Tito inaomba msaada. Nitanunua mjadala ukiisha. Kanuni ni kanuni.

Jumapili, 6 Aprili

Kijiweni, baada ya misa, vijana wameniita Wakili wa Vyuma Chakavu. Nimewauliza nani kati yao anaweza kupanda kilima cha shule leo na mvua hii. Baltazar, anayekaa chini ya kilima kile na mkewe Jenifa, akasema, "Kupanda utapanda, msomi. Sisi tunakaa upande wa kushuka, tunawaokota." Watu wakacheka sana. Nimemwona Baltazar siku zote kuwa mtu mwepesi, na leo nimemwona mwepesi zaidi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nati ya breki imefika mwisho wa uzi wa skrubu. Haina tena pa kwenda. Nimekata kipande cha bomba, nikakipachika nyuma yake, ikapata pa kukaza. Ninajivunia ubunifu huu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua toka usiku wa mkesha. Daraja la chini limefunikwa na maji.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijui nianzie wapi, na mimi ni mtu ambaye siku zote hujua pa kuanzia.

Saa nane mchana Marieta alishikwa na uchungu. Tulidhani tuna siku kadhaa bado. Mama alimtazama, akaniambia, "Washa." Nilipiga simu hospitali kuita gari la wagonjwa, likaanza safari, likasimama ng'ambo ya daraja lililofunikwa. Bodaboda mbili nilizozipigia zilikuwa Mbulu. Ikabaki pikipiki ya baba.

Tuliketi mshikaki: mimi mbele, Marieta katikati, mama nyuma akimkumbatia. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Kilima cha shule tulikipanda katika matope ambayo hata trekta lingeyaogopa, bila kuteleza hata mara moja, na ninakiri kwamba pale juu, dada yangu akiuma koti langu kwa uchungu, nilifikiri: laiti Abdulrahim angekuwepo aone.

Kisha tukaanza kushuka.

Niliweka gia ya kwanza. Injini ilizuia kwa urefu wa shamba moja, halafu gurudumu la nyuma likaacha kushika udongo na uzito wetu ukaanza kuisukuma pikipiki. Nilikanyaga breki. Kanyagio likashuka mpaka mwisho, laini, kama kukanyaga uji. Kipande changu cha bomba kilikuwa kimechomoka. Breki ya mbele sikuthubutu kuibana. Katika matope yale ingetupindua. Niliburuza miguu yote miwili.

"Tito!" mama akapiga kelele.

"Kaka, nishushe! Nishushe!"

Kushoto kulikuwa na korongo, kulia ukingo wa udongo. Niliielekeza pikipiki kwenye ukingo na kuilaza juu ya mguu wangu, polepole kadiri nilivyoweza, ambayo haikuwa polepole. Mama na Marieta waliangukia upande wa ukingo. Mvua ilikuwa inagonga tangi la mafuta. Kisha Marieta akanyanyuka kwa mikono na magoti, akashika bega la mama, akaanza kushuka mteremko kwa miguu. Kila alipobanwa alisimama, akashika majani ya ukingoni, akapumua, akaendelea. Nilitaka kumbeba. Alinisukuma kwa kiwiko.

Hatukufika kliniki. Mtoto amezaliwa katika nyumba ya kwanza chini ya kilima, kwa Jenifa, juu ya mkeka wa Jenifa, kwa mikono ya mama na Jenifa. Ni msichana, na amelia kwa nguvu. Lakini damu ya Marieta haikukoma upesi. Baltazar alitoka kwenye mvua na kukimbia kwa miguu mpaka darajani, akavuka maji kwa kushika kamba, akarudi na muuguzi aliyekuwa ndani ya lile gari. Mimi nilikaa kizingitini na mguu uliovimba, nisiyefaa kwa lolote.

Muuguzi alipofanikiwa kuzuia damu, niliruhusiwa kuchungulia. Marieta alikuwa mweupe midomo. Nikamwambia anisamehe. Akafumba macho, akasema taratibu, bila ukali wowote:

"Umeshinda mjadala, kaka. Mimi nilikuwa nahitaji breki."

Ijumaa, 25 Aprili

Maji yamepungua. Wamempeleka hospitali. Mama yuko naye.

Jumapili, 27 Aprili

Anakunywa uji. Mtoto ameitwa Jenifa. Nimeufungua ukurasa wa 31 Machi, nikausoma, nikaufunga.

Jumamosi, 3 Mei

Nimefika Dongobesh kwa lori la viazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko cha Abdulrahim; nilikuwa hata nimeandaa jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kaunta.

"Marieta anaendeleaje?"

"Ametoka hospitali jana."

"Alhamdulillahi. Kaa unywe chai. Leo sikuuzii kitu."

"Abdulrahim, mimi nimekuja kununua."

"Nimesikia. Chai kwanza."

Kisha alizitoa zile breki, akapanda nami mpaka Tumati kwa pikipiki yake, akachuchumaa kwenye matope ya uani kwetu na kuzifunga mwenyewe. Mtu huyu ambaye kwa miezi miwili nimemwandika kama mlanguzi wa aibu za watu hakusema neno moja kuhusu hoja. Alipomaliza alikanyaga, gurudumu likaganda. "Sasa tunaweza kubishana," akasema.

Tukabishana. Anasema ya zamani imefika mwisho wa kazi ya barabara ndefu: injini ina nguvu, lakini fremu ina ufa chini ya kiti, ambao nilidhani ni mkwaruzo. Kwa safari za kliniki, za gulioni, za kila siku, tunahitaji mpya. Ofa yake ipo palepale: mtamba na ya zamani, atoe mpya.

"Na ya baba utaifanya nini?"

"Nitaifungua, niuze vipande." Aliona uso wangu. "Ndugu yangu, wewe ulitaka niiweke kabatini?"

Jumanne, 6 Mei

Mama amesema mara moja tu: "Nenda Endasak." Marieta amesema: "Ukienda, nenda taratibu." Mvua imekuwa manyunyu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefika Endasak jana kwa pikipiki ya baba, nikipita Katesh, breki zikishika kila mteremko. Hanang ilikuwa imejificha mawinguni. Mzee Gidahosh alikuwa amesimama langoni pa boma lake na shuka jeusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti ya mashine naijua, anayeiendesha simjui."

"Ni Tito, mtoto wa Bura."

"Chumvi iko wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza: kila masika yalipokuwa yanaisha, baba alikuja na chumvi ya ng'ombe, akalala siku moja, akamtazama ng'ombe, akanywa maziwa yake, akaondoka. Toka afe, hajaja mtu. "Nilisema labda watu wa Bura wamekufa wote, au wamekuwa matajiri."

Kumbe kati ya safari zote za baba, hii sisi hatukuwahi kuijua. Alituambia anakwenda vigango vya Hanang.

Nilishuka dukani nikanunua chumvi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaionja, akacheka. Kisha nikasema nililotumwa, nikiongeza maelezo mengi kwa nini tunamhitaji mtamba: dada, mteremko, damu. Alininyamazisha kwa kuinua fimbo.

"Mbona unaniomba? Mtamba ni wa Bura. Mimi ninalitunza jina lake, siyo langu. Mama yake abaki, watoto hapa wanakunywa. Mchukue huyu." Akaitazama pikipiki. "Halafu mtakuwa na mashine mbili?"

"Hapana, hii itafunguliwa iuzwe vipande."

"Inatembea?"

"Inatembea. Ila si kwa safari ndefu."

"Sasa unachinja kitu kinachotembea? Kwetu mtu akiwa na wawili, mmoja anampeleka kwa mtu."

"Baba, pikipiki haizai. Anayepewa ng'ombe anapata maziwa. Huyu atapata nini?"

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaingia ndani kuniletea maziwa.

Nimejitetea njia nzima ya kurudi, na kila jibu nililolipata lilinirudisha kwenye nyumba moja: ile iliyo chini ya kilima cha shule.

Jumatano, 14 Mei

Mtoto analia usiku, mimi natembea mchana. Nimeandika hoja, nimeifuta, nimeiandika tena.

Jumapili, 18 Mei

Mkutano wa hadhara wa kijiji. Niliomba nafasi katika mengineyo. Nilisema hivi: mtamba amekwenda Dongobesh kwa lori na pikipiki mpya imekuja; tofauti Abdulrahim amekubali tuilipe kwa magunia ya maharage, ili ya baba isifunguliwe. Sasa ninaiweka pikipiki ya baba kwa Baltazar na Jenifa, kama ng'ombe anavyowekwa. Itabaki ya Bura kwa jina. Kwa kazi za karibu ataitumia, hayo ndiyo maziwa yake. Lakini mgonjwa au mzazi akishuka kilima kile, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, naye hataruhusiwa kukataa. Na kila masika yakiisha nitakuja kuiona, na badala ya chumvi nitaleta breki mpya.

Baltazar alisimama, akasema ameipokea. Hakutania.

Kisha nikaongeza, na hapo ndipo palipoharibika: kila nyumba kijijini yenye pikipiki ya zamani inayofunikwa turubai baada ya kununua mpya nayo iiweke kwa mtu kwenye mteremko, kando ya mto, popote gari lisipofika.

Mwenyekiti alisema kitu cha mtu ni cha mtu. Mmoja nyuma akauliza kama pikipiki inakamuliwa asubuhi au jioni. Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mwenyekiti akaufunga kabla sijajibu. Waliotoka waliendelea na mzaha kijiweni. Hakuna hata mmoja aliyetoa hoja.

Jumamosi, 24 Mei

Masika yamekwisha; udongo wa kilima cha shule umeanza kupasuka. Ukurasa huu nimeunakili na nitaubandika leo kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Dai langu la kwanza lilikuwa kwamba pikipiki ya baba haiuzwi. Nililitetea vibaya, kwa kuitunza hoja na kuisahau breki, na aliyelipia alikuwa dada yangu. Hata hivyo dai lenyewe silirudishi. Haiuzwi. Iko kwa Baltazar. Juzi imemshusha kijana aliyeumwa na nyoka shambani, akafika kituoni akiwa hai, na ilikuwa inashuka, si kupanda.

Mimi nimezihesabu pikipiki zilizofunikwa turubai katika kijiji hiki, na wenyewe wanajua kwamba ninazijua. Kwa hiyo ninataka jibu, na ninalitaka hadharani. Mkutano ujao wa kijiji, kila aliyecheka asimame kwa jina lake, mbele ya watu, aeleze kwa nini ng'ombe tunamkabidhi jirani wa Hanang tusiyemwona mwaka mzima, ilhali pikipiki inayooza chini ya turubai hatumwamini nayo jirani wa mteremkoni. Kijiweni sitasikiliza, na meseji sitasoma.

Wala msinijibu mimi, maana mimi nimezoea kubishana na mnaweza kusema mmenishinda. Marieta ataketi mstari wa mbele, na mtoto mgongoni. Mjibuni yeye.